Kidude Chekundu cha Barabarani

Kaka yangu alifia ughaibuni, akazikwa huko huko. Kumleta nyumbani Utange kulitushinda. Mama aliomba jambo moja tu: amwone mwanawe akishushwa kaburini, ili watu wa kule wakitupa udongo, naye atupe wake. Asubuhi ya mazishi alinituma nichimbe kishimo nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba alicholala kaka utotoni. Jioni akaketi kitandani kando yangu, konzi ya udongo mkononi.

Rafiki wa kaka alikuwa ametutumia kiungo cha kutazamia ibada. Nilipokibonyeza kwenye simu, ukurasa ukataka kwanza tuthibitishe kwamba sisi si roboti. Tuchague picha zote zenye bomba la zimamoto la barabarani. Kiingereza chao nilikielewa vizuri, lakini bomba lenyewe nilikuwa sijapata kuliona. Kwetu nyumba ikishika moto tunakimbilia ndoo, na zimamoto, wakija, huja na maji yao kwenye lori. Basi nikachagua lori jekundu. Tukakataliwa.

"Si lile tangi hapo juu ya paa?" mama akauliza.

Nikaligusa. Tukakataliwa tena.

Zikaja picha nyingine, na nyingine. Katika nyingi palikuwa na kidude kifupi chekundu kando ya njia, kama mtoto aliyevaa kofia. Nilidhani ni kigingi cha kuzuia magari, nikakiruka kila mara. Hasira zilinipanda. Mama wa watu amelia hadi sauti imekauka, halafu simu inataka ushahidi kwamba yeye ni binadamu.

"Polepole, mwanangu," akaniambia. "Labda bado wanaomba."

Mwishowe ukurasa ukaacha mabomba, ukataka ngazi. Ngazi tunazijua. Tukafunguliwa.

Watu walikuwa wameshaondoka. Palibaki viti vitupu, maua juu ya udongo uliosawazishwa, na kamera ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Nyuma ya ua wa makaburi, ukingoni mwa barabara, kilisimama kidude chekundu kilekile.

"Wameshamzika?"

"Wameshamzika, mama."

"Na mimi je?"

Aliinuka akatoka nje, nami nikamfuata na tochi. Akafungua kiganja juu ya kishimo, bila mchungaji, bila wimbo. Udongo ulikuwa umelowa jasho na kumganda mkononi, ikabidi aukwangue kwa kidole. Kisha akaniambia nifukie, akarudi ndani.

Siku hizi kurasa zikiniuliza kama mimi ni mtu, kidude kile, kumbe ndilo bomba lenyewe, nakitambua mara moja, wala sikosei. Nakichukia, na nimejaribu kuacha kukichukia nimeshindwa. Jioni ile kilikuwa karibu na kaka yangu kuliko mama aliyemzaa.