Mbavu Chini ya Ng'ombe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kila nilipokosa kibarua nilishinda maktaba ya mjini. Shule niliiacha mapema, lakini kiu ya kujua haikuniacha. Humo ndimo nilimosoma habari za daktari mmoja Mfaransa wa zamani sana, aliyepasua maiti ili aonyeshe mwili ulivyo ndani. Watu wa kwenye picha zake waliketi vitini au waliegemea miti, matumbo wazi, kama wanaopunga upepo.

Jioni nilimsimulia rafiki yangu, mchoraji wa mabango niliyekaa naye chumba kimoja Dagoretti Corner.

"Kuchora mwili si kazi," alisema. "Ng'ombe wa bucha nimechora mpaka nimechoka."

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akatuahidi kwamba atanunua chati ya mwili yenye majina ya Kiswahili, tukiimaliza kabla ya shule kufunguliwa. Mimi nilileta majina na michoro ya penseli kutoka maktaba, yeye akapaka rangi kwenye ubao. Akiwa kazini nilimweleza jinsi mpasuaji aliyemsaidia Mfaransa alivyomshtaki, akidai kazi ni yake pia. Kitabu kikakwama miaka, daktari mwingine akatoa chake kwanza.

Rafiki yangu alicheka mpaka akaweka brashi chini. "Wajinga hao! Si wangeandika tu majina mawili?"

Ilipobaki miguu tu, akaandika jina lake pembeni, kama alivyofanya kwenye kila bango.

"Na langu?"

"Wewe ulishika brashi lini, bwana?"

"Na wewe ulijua bandama iko wapi? Bila mimi ungempa huyu mtu matumbo manne!"

"Basi mwambie Mfaransa wako akumalizie."

Tukanuniana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusema, na miguu ikabaki haijachorwa. Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alikuwa ameshatundika chati ya dukani, ya Kiingereza.

"Ile yenu ndiyo niliyoitaka," alisema. Hilo ndilo lililoniuma.

Rafiki yangu alihama na ubao wake. Miaka kadhaa baadaye, nikingoja nyama ichomwe Kenyatta Market, niliinua macho kwenye bango la bucha. Mvua ilikuwa imebambua rangi, na ubavuni mwa ng'ombe zilichungulia mbavu za mtu, na neno "bandama" kwa mwandiko nilioujua. Nikatazama pembeni, pale alipozoea kuandika jina lake.

Hakuwa ameandika kitu.