Nani Alimsukuma?

Juzi nilikuwa bomani Arusha kuomba kibali cha kusafirisha kahawa. Mbele yangu alisimama mama wa Kimeru, kitambaa cheusi kichwani, amekuja kwa karani kuandikisha kifo cha mumewe. Mumewe alikuwa amekaa juu ya magunia ya lori, kama sote tunavyosafiri, dereva alipofunga breki ghafla pale Daraja Mbili kumwepuka mbwa wa mzungu. Lori likasimama. Mume akaendelea na safari mpaka kwenye mawe.

"Nani alimsukuma?" karani akauliza bila kuinua macho.

"Hakuna, bwana karani."

"Basi alijirusha." Akaandika hivyo hivyo.

Mama akashika meza. "Ukiandika hivyo, mchungaji hatamzika."

Karani akapunga mkono kumwita anayefuata. Ndipo yule mama akalivuta kwa kasi daftari kubwa lililokuwa na muhuri juu yake, akalizuia ghafla ukingoni mwa meza. Daftari likabaki. Muhuri ukateleza, ukaanguka sakafuni.

"Nani ameusukuma?" akauliza kwa upole.

Karani akautazama. Naamini alielewa, kwa kuwa jasho lilianza kumtoka shingoni. Kisha akainama, akauokota, akaupuliza vumbi, akaugonga chini ya neno lile lile.

Marehemu alizikwa Jumamosi migombani kwake, bila mchungaji wala kengele. Nami nilirudi nyumbani juu ya magunia, nimeishika kamba kwa mikono miwili. Kifo chenyewe sikiogopi sana. Namwogopa karani.