Jarida Namba Ishirini na Saba

Ukimwambia Bi Hakiki kwamba kumekucha, atafungua dirisha kwanza. Jina hilo la utani tulimpa sisi wafanyakazi wa maktaba ya chuo, naye analijua, na nadhani analipenda, ingawa siku niliyomuuliza alinijibu, "Nani amekutuma uulize?" Ni mkutubi wa miaka thelathini kazini, mwembamba, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Meza zetu ziko chumba kimoja cha nyuma, yake dirishani, yangu karibu na sinki kwa ajili ya gundi. Miaka kumi na tisa nimemsikia akishuku watu na vitu, kwa hiyo ninachosema sikukisikia barazani.

Kompyuta zilipoletwa, wenzetu walishangilia. Yeye alizipokea kama mtu anavyompokea mgeni aliyekuja bila taarifa: alizikaribisha vizuri, na mkoba wake akaufungia kabatini. Mafundi walipoingiza katalogi ya kadi kwenye mashine, alichomoa kila kadi ya mia akailinganisha na kilichoandikwa kwenye skrini. Akakuta kitabu cha magonjwa ya ngozi ya ng'ombe kimepangwa chini ya ushonaji wa viatu. Aliitisha kikao siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema mbele yake kwamba mashine haikosei.

Lakini msidhani aliikimbia mashine. Watu wengi hujifunza kitu kwa kukipenda. Bi Hakiki alijifunza mtandao kama askari anavyojifunza vichochoro vya wezi. Baada ya miaka michache wahadhiri wenyewe walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwetu wamsihi awatafutie makala. Anawatafutia, huku akiwauliza wanaitakia nini.

Kisha ikaja ile mvua ya barua pepe. "Mtaalamu mheshimiwa, tumevutiwa mno na utafiti wako, tuletee makala tuichapishe wiki hii." Wahadhiri walizipata, dereva wa chuo alizipata, na mimi hapa, mtu wa gundi na uzi, nilialikwa kuwa mhariri wa jarida la upasuaji wa moyo. Tulicheka. Bi Hakiki hakucheka. Alizifungua moja moja, akasoma majina ya wahariri, akatafuta anwani zao kwenye ramani. Ofisi ya jarida moja alikuta ni duka la matairi. Kwenye jarida jingine alikuta jina la profesa aliyewahi kutufundishia hapa.

"Huyu nilimzika," alisema. "Sasa makala anazisomea wapi?"

Seneti ya chuo iliposikia hayo ikamkabidhi kazi. Atengeneze orodha ya majarida ya kuaminika, iwekwe kwenye tovuti ya maktaba, na mwanafunzi yeyote wa shahada ya uzamivu asiruhusiwe kutetea tasnifu yake mpaka awe amechapisha makala katika jarida lililomo humo, na Bi Hakiki apige muhuri kwamba ameona. Orodha ilifika majarida sitini na mawili. Watu walimwogopa kuliko mhasibu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, aliingia mtoto wa dada yake mkubwa. Dada mtu alifariki zamani, na huyu binti amelelewa na Bi Hakiki tangu kidato cha kwanza. Anafundisha hapa hapa chuoni kwa mkataba wa muda, na alikwishaambiwa wazi: mkataba unaisha mwisho wa mwezi wa sita, akiwa na shahada ya uzamivu mkononi ataajiriwa moja kwa moja, akiwa hana, nafasi itatangazwa. Utafiti wake ulihusu usingizi wa wauguzi wa zamu. Alikaa miaka mitatu kwenye korido za wodi na daftari, mpaka wagonjwa wakawa wanamwomba dawa.

"Shikamoo mama mdogo. Shikamoo fundi. Nimekuja kupigiwa muhuri, Alhamisi ijayo natetea!"

"Marahaba. Leta." Bi Hakiki akavaa miwani, akaisoma barua ya jarida mbele, akaigeuza nyuma palipokuwa peupe, akapasoma na hapo. "Makala uliituma lini?"

"Jumatatu."

"Na wao wakaikubali Ijumaa."

"Ndiyo. Tayari iko mtandaoni."

"Siku tano? Watu wawili wameisoma, wameandika maoni, mhariri ameamua, siku tano? Mimi nikipeleka sketi kupunguzwa kiuno nakaa wiki mbili." Akaishusha barua mezani. "Mwanangu, umempa nani nini?"

Mimi nilikuwa napaka gundi. Nilisimamisha brashi.

"Unaniuliza mimi hivyo?" binti akasema.

"Namuuliza kila mtu."

"Mimi si kila mtu. Na jarida ni la kwenye orodha yako, mama mdogo. Namba ishirini na saba. Sikulitafuta popote. Nilibofya pale ulipoweka wewe."

Bi Hakiki akasema aiache barua, atamwita. Binti aliondoka bila kuaga, na hilo halikuwa kawaida yake. Hapo ndipo yule mama alipoinuka akaenda rafuni, mimi nyuma yake.

Jarida lile nalijua kwa mikono. Nimelijalidi mwenyewe, majalada kumi na manne ya kitambaa cha kijani, herufi za dhahabu mgongoni. Linatolewa na chama cha wataalamu wa afya, na sisi tumelipokea kwa posta tangu kabla sijaajiriwa. Bi Hakiki akatoa toleo la mwisho kupokelewa, akaliweka kando ya kompyuta. Jina ni lile lile. Nembo ni ile ile. Namba ya utambulisho wa jarida, tarakimu zote nane, sawasawa. Mimi nikashusha pumzi.

"Si umeona? Ni lenyewe."

"Ndiyo linalonitisha," akasema. "Watu hawa walikuwa wanachelewesha toleo miezi kumi. Mwendo huu wameutoa wapi?"

Ndani ya jalada la nyuma palikuwa na namba ya simu ya mezani. Akaipiga, akaweka sauti kubwa. Iliita sana. Akapokea mzee mmoja mwenye kikohozi, akajitambulisha kuwa katibu wa chama na mhariri wa jarida. Bi Hakiki akamuuliza kuhusu tovuti yao.

"Tovuti?" mzee akasema. "Mama, sisi hatuna tovuti. Tuna kabati."

"Hamjawahi kuwa nayo?"

"Hatujawahi. Tunachapa kwenye karatasi mara moja kwa mwaka, tukijaliwa. Wewe ni mtu wa sita kunipigia tangu mwaka uanze. Kuna watu wamechukua jina letu, picha ya jalada letu na namba yetu, wamefungua duka. Mimi nimeripoti mpaka nimechoka."

Bi Hakiki alimshukuru, akaweka simu chini, akakaa akiitazama mikono yake. Nilidhani atafoka. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Unakumbuka nilivyoliingiza kwenye orodha? Ilikuja barua pepe, kwamba jarida sasa liko mtandaoni, anwani hii hapa. Nikafungua, nikaona jalada ninalolijua. Nikaja rafuni nikalinganisha namba. Ikalingana. Sikupiga simu. Majarida sitini na moja nimeyapigia simu, fundi. Hili moja sikulipigia, kwa sababu lilikuwa langu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikulisema hilo kwa sauti, maana nilimwonea huruma, na pia nilijiona mjinga: zile herufi za dhahabu ni kazi ya mikono yangu, na mwizi angeweza kuninyooshea hizo hizo kama ushahidi nikamwamini.

Bi Hakiki alimwarifu mkurugenzi wa maktaba, naye akaja mwenyewe chumbani kwetu alasiri ile. Si mtu mbaya. Alifunga mlango akazungumza polepole.

"Bi Hakiki, nani anajua? Wewe, fundi na mimi. Kazi ya binti ni ya kweli, hakuiba kwa mtu. Piga muhuri. Atetee Alhamisi, avae joho, halafu wiki inayofuata uliondoe hilo jarida kimya kimya. Huyu ni mtoto wako."

"Na angekuwa mtoto wa mtu mwingine," Bi Hakiki akamuuliza, "ungekuja mpaka huku nyuma na kufunga mlango?"

Mkurugenzi akanitazama mimi, eti nimsaidie. Na nakiri, nilimsaidia. Nilisema piga muhuri, mama, dunia nzima inapiga mihuri. Yule binti nimemwona akifanyia kazi za shule kwenye ngazi zetu akiwa na sare, na sikuona ubaya wa karatasi moja kupita. Bi Hakiki alinitazama kwa jicho analowatazamia wageni. Nilirudi kwenye gundi yangu.

Aliandika barua kwa seneti kwa mkono kwanza, kisha akaichapa. Alisema namba ishirini na saba ni jarida la kughushi, kwamba aliyeliingiza ni yeye peke yake bila kulihakiki ipasavyo, na kwamba wanafunzi waliolitumia waliamini orodha ya maktaba, hivyo wasiadhibiwe. Walikuwa wanne. Jina la mtoto wa dada yake aliliweka la kwanza, mtu asije akasema alimficha.

Seneti ikajibu baada ya siku tatu. Wanafunzi hawana kosa. Makala hazitahesabiwa. Kutetea tasnifu kunaahirishwa mpaka wachapishe kwingine.

Binti alikuja na barua hiyo mkononi. Hakutoa shikamoo, si kwangu, si kwake.

"Uliniuliza nimempa nani nini," alisema. "Ulianza na mimi. Mtu uliyemlea mwenyewe. Orodha yako ukaishuku mwisho."

"Nilikuwa nauliza tu, mwanangu..."

"Hapana. Ulikuwa umeshaamini."

Akatoka. Bi Hakiki alibaki ameshika kiti. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma si maneno, ni kwamba alijipekua akayakuta ni kweli. Kwa dakika ile alikuwa ameamini kabisa kwamba mtoto aliyemlea amenunua makala.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayelipiza. Aliwaandikia wale matapeli barua kumi na moja akitaka waiondoe makala ili iweze kuchapishwa kwingine. Hawakujibu, ila walimtumia mwaliko wa kuwa mhariri. Alimpigia yule mzee mwenye kikohozi mara nne mpaka akakubali kuipokea makala ya binti katika jarida la kweli, mradi aiambatanishe na maelezo ya yaliyotokea. Majarida yote sitini na moja aliyaanza upya kwa simu, ingawa yote alikwisha kuyapigia mwanzo. Ujumbe wote kwenda kwa binti aliupitishia kwangu, kwa sababu binti hakuwa anapokea simu zake. Nikawa tarishi wa familia isiyo yangu, na nyumbani mke wangu akaanza kuuliza huyu msichana anayenipigia kila jioni ni nani. Kushuku kumbe kunaambukiza.

Mwisho wa mwezi wa sita, Jumatatu, binti akaingia. Alipita meza ya dirishani bila kusimama, akaja kwangu kwenye sinki na kuniwekea barua ya jarida la yule mzee juu ya vitambaa.

"Fundi, naomba unihakikie wewe."

"Mimi nabandika migongo ya vitabu, mama."

"Najua. Piga tu simu uulize kama ni wao."

Nikanawa mikono, nikapiga. Mzee akapokea, akakohoa, akasema ndiyo, makala ameipata, ameshawapa watu wawili waisome, na kwa jinsi anavyowajua watu hao, jibu lisitarajiwe kabla ya miezi saba. Nikamshukuru. Nilijua kuna sikio dirishani.

"Wamesemaje?" Bi Hakiki akauliza.

Nilitaka kujibu, lakini binti akanitangulia, bado kampa mgongo. "Imepokelewa. Miezi saba."

"Miezi saba!" Uso ulimchanua yule mama, nikaona meno ambayo sikuwa nimeyaona tangu mwezi wa tano. "Basi hao ndio wenyewe. Hao wanasoma kweli!"

Binti akageuka. "Mkataba wangu unaisha Ijumaa, mama mdogo."

Bi Hakiki alivua miwani, akaiacha ining'inie. Nilisubiri swali, maana sijawahi kumwona amekosa swali.

"Najua," alisema. "Nimekuharibia mimi. Na nilikushuku wewe. Nisamehe, mwanangu."

Mimi nikajifanya nasuuza brashi iliyokwisha kuwa safi.  Binti alivuta kiti kilichokuwa upande wangu, akakaa, na akabaki pale mpaka tulipofunga.