Spana ya Trekta

Pipa la maji lilianguka likamvunja baba mguu. Mama alipiga nduru. Nyapara wa shamba alisimama tu, mikono mfukoni.

Leo nimefungua mfereji wa karavani ya mteja, nyumba ya magurudumu, hapa Eldoret, na harufu ya mpira uliooza imenirudisha pale shambani.

Tulikuwa tunaishi kwa karavani kuukuu katikati ya mahindi. Maji ya mfereji yalishuka kutoka pipa lililokaa juu ya magogo nje, lakini yalitoka kidogo kidogo, sufuria haijai. Baba aliomba spana afungue mfereji aangalie ndani.

"Spana ni ya trekta," nyapara akasema. "Inua pipa, mzee. Ongeza magogo, maji yatapata nguvu."

"Magogo yameoza."

"Basi mama watoto apike na umande!"

Baba akapanga magogo yaleyale, akapandisha pipa, akalijaza. Halikukaa hata saa moja.

Mfereji wa leo ulikuwa na kichujio kidogo kimejaa mchanga. Nimekikung'uta, maji yakaruka. Kazi ya dakika tano, na spana moja.

Nyapara yuko hai, Moi's Bridge, na kanisani huketi mbele. Aje kwa mama, amweleze kwa nini alimnyima mumewe spana.