Tonge la Adabu Siku ya Shukrani Yangu

Namshukuru Mungu aliyeniumba, akawapa wanadamu akili ya kunitengeneza bila kunipasua, maana bila Yeye nisingekuwa hapa Isansa nikiwasimulia aibu yangu. Na ni aibu kweli, wapendwa, mzee wa kanisa kama mimi kufunguliwa vifungo vya shati mbele ya mkamwana wake.

Kiungulia kilinitesa miaka mingi. Nikiinama shambani kwenye kahawa, maji machungu yananipanda hadi mdomoni. Usiku nalala nimeegemea mito kama mtu anayesubiri basi. Vidonge vilinisaidia, kisha vikashindwa. Ndipo daktari wa hospitali ya rufaa akanieleza kwamba wapo wanaotibiwa kwa mpira wenye kamera kupitia mdomoni, bila kukatwa popote, lakini tumbo langu lilikuwa limeanza kupanda kifuani, kwa hiyo wangenitoboa vitundu vichache, wapitishe kamera na vyuma vyembamba, walirudishe chini, halafu sehemu yake ya juu waizungushe kwenye mwisho wa mrija wa chakula kama mama anavyojifunga kitenge. Nikadhani ananituliza tu. Nilipozinduka nikaona vidonda vidogo, kila kimoja kama punje ya kahawa, nikalia (na si kwa maumivu).

Sharti lilikuwa moja: kwa majuma kadhaa, vyakula laini tu. Ugali na nyama, bado.

Basi tukafanya shukrani nyumbani, mbuzi akachinjwa, mchungaji akaombea chakula. Kwetu mwenye shughuli asipomega tonge la kwanza, hakuna anayegusa sahani. Mke wangu alikuwa amenisogezea bakuli la uji, lakini kaka yake, shemeji yangu Silwimba, mtani asiyechoka, akaliona.

"Shemeji, uji? Unaota meno? Na hilo kovu liko wapi? Wenzako wakipasuliwa wanarudi wamejikunja, wewe umerudi umenyooka kama mlingoti!"

"Hawakunipasua. Walinitoboa."

"Jamani, sikieni, shemeji katobolewa kama filimbi!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na katika kucheka huko nikaona nisiwacheleweshe wageni, nikamega tonge (dogo, nawahakikishia), nikachovya, nikameza.

Likakwama. Halipandi, halishuki, na mate yananijaa mdomoni. Wakati huohuo mchungaji akasema, "Mzee wetu, tupe neno la ushuhuda." Nikasimama, nikafungua mdomo, sauti hakuna, nikainua mikono tu huku machozi yakinitiririka, na wapendwa wakadhani nimezidiwa na furaha ya Bwana, wakaitikia "Amina!", akina mama wakapiga vigelegele, pambio likaanza. Kadiri nilivyopunga mikono kuomba msaada, ndivyo walivyozidi kuimba.

Silwimba ndiye aliyeng'amua. "Nyamazeni, huyu anakufa! Mpeni hewa!" Akanirukia, akafungua shati lote, tumbo likawa wazi mbele ya mkamwana wangu, ambaye kwa adabu zetu hata meza moja hatukai. Maskini, alikuwa ameshika jagi la kunawia. Likamponyoka, akakimbilia jikoni amejifunika uso.

Silwimba akainua mkono anipige mgongoni, mke wangu akamshika. "Acha, kaka! Utamfumua!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si kufa; niliogopa kwamba kazi yote ile nimeiharibu kwa tonge moja. Mke wangu akampigia simu nesi wa hospitali ile, naye akauliza kama napumua vizuri, kisha akasema nisimame wima, nisinyweshwe maji kwa nguvu, nisipigwe, na lisiposhuka au nikishindwa kumeza mate, nipelekwe hospitali mara moja.

Nikasimama nimeshika ukuta. Shemeji, mdomo wazi, akayatazama yale matundu. "Mungu wangu," akanong'ona, "waliingilia hapa tu?"

Ndipo nikalihisi linapita, taratibu, pale walipozungushia, kama mtu anayepenya mlango mwembamba. Likashuka. Nikasema "Asante Yesu" kwa sauti yangu mwenyewe, na safari hii sikuweza kuwalaumu kwa vigelegele.

Daktari alinipima baadaye, akakuta kazi yake iko salama. Usiku nalala bila mito, maji machungu hayapandi, nami hustaajabia mikono iliyonitengeneza ndani bila kuingia ndani. Nimeapa: nikiandikiwa uji, nitakunywa uji hata mbele ya askofu, na wageni watanisamehe.

Nawe unayesoma, Bwana akulinde ukiketi mezani na ukilala kitandani, akupe chakula chako kwa amani na watu wa kukushika mkono.