Roketi ya Chupa Kando ya Reli

Mtaala huu mpya umewarudisha wazazi shuleni, na mimi niliyeaga shule Kitui bila kumwaga chozi sikufurahi kurudishwa. Tulikuwa tumeshasuka kikapu, tumeshona mwanasesere, tumeotesha maharagwe kwenye kopo, panya wakayala. Kisha jioni moja binti yangu akaniambia mwalimu wa sayansi anataka roketi. Nilikuwa nimefua tangu asubuhi, vidole vimekunjamana na mgongo umekataa kunyooka. Nikamuuliza kama huyo mwalimu ana akili timamu.

"Ni ya chupa, Mum. Inapaa na maji."

"Maji ya nani?"

Alicheka. Nikaendelea kukata sukuma wiki, kwa sababu kicheko hicho nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu.

Miezi kadhaa kabla ya hapo kulikuwa na maandamano, na vitoza machozi vya polisi, tiagas kama tunavyoviita, vikamkuta njiani akitoka shule, pale karibu na reli. Alikimbilia nyumba ya watu asiowajua, akalala chini ya kitanda chao mpaka jioni, huku mimi nikizunguka mtaa wetu wa Laini Saba mzima nikiliita jina lake. Tangu siku hiyo hakwenda popote bila mimi. Msichana mrefu, amenifika begani, ananishika mkono kama mtoto wa chekechea, na mlango wa bati ukibamizwa popote pale anachuchumaa alipo. Wenzake walimcheka. Mimi sikumcheka, lakini sitadanganya: nilichoka.

Kazi zangu za kufua ziko Kawangware, upande wa mtaa unaoitwa Kongo tulikokuwa tukiishi zamani. Wanawake wa kufua huketi kando ya barabara asubuhi wakingoja kuitwa, na anayechelewa hupata ukuta wa kuegemea, basi. Mimi nilikuwa nafika pale baada ya kumpeleka mtoto shule, wenzangu wote wenye nguvu wameshachukuliwa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mtoto wangu atembee peke yake tena. Nilikuwa nimeomba, nimegomba, nimembembeleza. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kwa hiyo roketi ikaingia nyumbani nami nikaipokea, maana angalau ilimfanya azungumze. Chupa ya soda ya lita mbili tuliipata kirahisi. Mabawa aliyakata kutoka beseni langu lililopasuka, matatu, akayabandika na selotepu karibu na mdomo wa chupa ili iende wima isiyumbe. Pua akaitengeneza kwa nusu ya mpira wa kuchezea. Mwavuli wa kuishusha polepole ulitusumbua, kwa kuwa karatasi za plastiki zilipigwa marufuku zamani na sasa hupati hata ya kufungia nyanya. Mwishowe akapasua mwavuli wangu wa mvua, uliokuwa umebakiza mbavu mbili nzima, akachukua kitambaa chake na kukifunga kwa nyuzi. Sikuwa na nguvu ya kukasirika.

Kizibo ndicho kilikuwa kazi yangu. Tulikata kisigino cha patipati kuukuu, tukakichonga kikaingia kwenye mdomo wa chupa, tukapenyeza katikati valvu ya tyubu ya baiskeli. Hapo unaunganisha pampu. Unatia maji, unageuza chupa kichwa chini miguu juu, unasukuma hewa mpaka kizibo kishindwe kuvumilia. Kikichomoka, maji yanatoka chini kwa kasi na chupa inaruka juu.

Mwalimu alikuwa amesema maji yafike theluthi ya chupa. Lakini sisi tuliokulia Ukambani tunayaheshimu maji. Tukaona kama maji kidogo yanafanya kazi, chupa iliyojaa itafika mwezini. Tukaijaza pomoni, tukaijaribu kwenye ujia kati ya vyumba vya ploti yetu. Haikuruka. Ilikohoa, ikalala ubavu, ikamwaga maji yote kwenye jiko la jirani yetu, mama wa kutoka kando ya ziwa anayekaanga samaki.

"Woi! Nyinyi Wakamba!" akapiga kelele. "Mlililia maji miaka yote, sasa mmeyapata mnakuja kunizimia jiko?"

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwashia mama yule jiko upya, nikapuliza makaa mpaka kichwa kikazunguka.

Siku ya kurusha ilikuwa Jumamosi. Wazazi tuliitwa kwenye uwanja ulio kando ya reli, wenye vibanda pande zote: mama mboga, kinyozi, fundi wa majiko, saluni. Nilikuwa nimepoteza kazi ya siku hiyo na nilisimama nikisinzia kama punda. Roketi ya kwanza ilivuja. Ya pili ikaanguka kabla ya kusukumwa, na baba mwenye mtoto akaanza kubishana na mwalimu kuhusu upepo. Kisha tukaitwa sisi.

Safari hii maji yalikuwa theluthi. Nikakikaza kizibo mwenyewe. Mikono hii inakamua blanketi nzito kila wiki, na sikuwa na nia ya kuaibishwa na kizibo kinachovuja; nikakisokota kikaingia mpaka hakikusogea. Nikarudi nyuma pamoja na wazazi wengine. Binti yangu akachuchumaa kwenye pampu, akaanza kusukuma. Akasukuma, akasukuma. Kizibo changu kilikuwa kimekaza mno. Mwalimu akamwambia apumzike, akakataa kwa kichwa, akaendelea.

Paa!

Mlio ule haukufanana na wa chupa. Ulipiga ukuta wa saluni ukarudi, na pale chini kukatokea wingu jeupe la mvuke wa maji, likatanda.

Mtu akapaza sauti, "Tiagas!"

Asiyeishi kwetu hawezi kuelewa kasi ya kilichofuata. Mama mboga alifunika nyanya kwa gunia kwa mkono mmoja na mkono wa pili ukashusha dirisha. Kinyozi alimvuta ndani mteja aliyenyolewa nusu. Milango ya bati ilifungwa mmoja baada ya mwingine kuuzunguka uwanja wote. Hakuna aliyetazama mara mbili, maana sheria yetu ni kukimbia kwanza, kuuliza baadaye. Baba wa upepo alimnyakua mwanawe akaruka mtaro.

Na mimi nikakimbia. Mimi niliyekikaza kile kizibo kwa mikono yangu, niliyeyaona maji yakiingia kwenye chupa, nilivua viatu nikakimbia. Nilikuja kujijua niko ndani ya saluni, nimebanwa kati ya mashine ya kukaushia nywele na wanawake watano, viatu mkononi, na mtu ameniwekea taulo bichi usoni. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina mtoto.

Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Uwanja ulikuwa mtupu. Binti yangu amesimama peke yake katikati, nywele zimelowa, pampu iko miguuni pake, ametazama juu. Chupa ilikuwa mbali sana kule hewani, kisha kitambaa cha mwavuli kikafunguka, ikaanza kushuka polepole huku ikizungukazunguka. Alikwenda akasimama chini yake, akaipokea kwa mikono miwili. Ndipo akageuka kunitafuta.

"Mum!" akaita. "Mum, tokeni! Ni maji! Ni maji tu!"

Watu wakaanza kutoka, wengine wakitukana, wengine wakicheka. Kinyozi alimtaka mwalimu alete barua ya ruhusa ya chifu siku nyingine. Mimi nilitoka wa mwisho. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona wivu, ndiyo, wivu juu ya mtoto wangu mwenyewe.

"Hukuogopa?" nikamuuliza njiani.

"Si ni mimi nilikuwa napampu?" akasema. "Nilijua itatoka saa yoyote. Nyinyi ndio hamkujua."

Jumatatu akafunga kamba za viatu akasema anaenda peke yake. Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa miezi. Nilipaswa kuchukua mkoba wangu na kukimbilia Kawangware, nikawahi nafasi nzuri barabarani, nikaitwa mapema kama wenzangu. Badala yake nikamwacha atangulie, nikamfuata kwa mbali nikijificha nyuma ya vibanda. Alitembea vizuri. Alimsalimu jirani wa samaki, akaruka mtaro, akafika kwenye reli.

Hapo fundi wa majiko akadondosha bati zima sakafuni.

Nilichuchumaa. Sikuamua, magoti yenyewe yalikunjika, mikono ikashika kichwa. Nilipofumbua macho niliona viatu vya shule mbele yangu. Alikuwa ameusikia mlio ule ule, amegeuka kutazama ulikotoka, akaniona.

"Mum," akasema taratibu. "Kwani wewe pia?"

Miezi yote ile nilikuwa nimemshika mkono nikiamini mimi ndiye ninayempeleka. Akaninyanyua, akapangusa vumbi kwenye sketi yangu. Nilimwambia atachelewa shule, akasema mwalimu atangoja. Tukavuka reli, tukapanda mpaka barabara kubwa, yeye upande wa magari.

"Kutoka hapa utafika?" akaniuliza.

"Nitafika."

"Enda basi. Usikimbie."

Nikashika njia ya Kawangware. Nilipofika mbali niligeuka, na yeye alikuwa bado amesimama palepale, mkoba mgongoni, akinitazama nikienda.