Kahawa ya Njia ya Kilema

Dada yangu huendesha pikipiki huku anakunywa kahawa. Watu wa Kiboriloni, tunakoishi, wamemzoea. Mimi mdogo wake, ninayekaa nyuma yake kila mara, sijazoea mpaka leo. Amefunga kipande cha bomba la plastiki kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, na humo kikombe chake chenye mfuniko hukaa wima hata kwenye makorongo. Barabara ikinyooka, mkono wa kushoto huenda kwenye kikombe, anapiga funda, anakirudisha. Hamwagi hata tone, na nikimlalamikia ananiambia nifumbe macho.

Kahawa hiyo anaikaanga mwenyewe, anaitwanga kwenye kinu, kisha anawauzia watu sokoni. Kwetu hilo ni jambo la ajabu. Tumezaliwa kwenye migomba na mibuni, tumesomeshwa na kahawa, lakini nyumbani kinachonywewa ni chai ya maziwa. Mama ameilima tangu aolewe na hakuwahi kuionja. Alikuwa akisema kahawa ni ya kuuza, anayeinywa anakunywa ada ya mtoto.

Kwa hiyo bei ilipomchosha, mama aliamua kung'oa mibuni yote ya kihambani, shamba letu la ukoo kule Kilema, apande parachichi. Dada alimpigia simu kumpinga, sauti zikapanda, mama akakata. Hawakusemeshana tena. Kisha jirani yake mama akatuambia kwamba mtu wa kung'oa anakuja Jumamosi.

Ijumaa asubuhi dada alipika kahawa kali, akaijaza kwenye chupa ya chai. Akakata jani la isale kwenye uzio, akalifunga fundo shingoni mwa chupa. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale humkatalii. Mchagga wa kulikataa bado sijamwona. Nikamwambia dada kwamba sioni kosa lake.

"Nimempandishia mama sauti," akasema. "Hilo ni kosa. Ya mibuni tutaongea akishakunywa."

Niliipakata ile chupa kama mtoto mchanga. Alivyoipandisha pikipiki kwenye mawe ya Kilema, akicheza na gia, akipiga funda kila penye unafuu, nilimwonea fahari mpaka nikasahau kuogopa. Ndipo tukaruka tuta moja na kitu kikapasuka kifuani pangu. Nikatikisa chupa, vipande vya kioo vikalia ndani. Kahawa yote ilikuwa haifai tena.

Nilitaka kulia. Dada alisimamisha pikipiki, akaiangalia chupa, kisha akafunua kikombe chake pale kwenye usukani. Kilikuwa nusu. Akalifungua isale shingoni mwa chupa, akalifunga kwenye mkono wa kikombe. Tangu hapo hakupiga funda hata moja, na ninavyomjua, kumkataza kahawa njiani ni kama kumkataza kuku kuchakura.

Tulimkuta mama anakata majani ya ng'ombe. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kukata. Dada akapiga goti, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili. Mama akaliona isale, akaweka panga chini.

"Hiki umeshakinywea," akasema.

"Ndiyo, mama. Chupa imepasuka njiani. Iliyobaki ni hii."

Akanywa. Akakunja uso, akanywa tena, taratibu, mpaka machicha. Kisha akageuka akaitazama mibuni yake.

"Kumbe hii ndiyo tuliyokuwa tunawapelekea watu," akasema.

Hakumwambia dada kwamba amemsamehe. Alilifungua isale kwenye kikombe, akaenda nalo hadi kwenye mbuni mkongwe kuliko yote, ule alioukuta siku alipoletwa pale akiwa bibi harusi, akalifunga kwenye shina lake.